Kugawa settings.py Bila Kuuvuruga Mfumo: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Django

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo nchini Tanzania, ambacho hakitatajwa jina. Mfumo huo uliandikwa kwa toleo la 4.2 la Django, kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha ya Python; hupokea marejesho ya mikopo yanayolipwa kwa simu, huwatumia wanachama ujumbe mfupi, na kila usiku hukokotoa riba ya siku. Mipangilio yake yote ilikaa katika faili moja, `settings.py`, na hakuna aliyeona tatizo mpaka mfumo ulipohamishwa kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya. Uhamisho wenyewe ulikwenda vizuri: kurasa zilifunguka na wanachama waliendelea kulipa. Siku chache baadaye karani mmoja alifungua taarifa ya mkopo ambao haukuwa na mdhamini, na badala ya ujumbe mfupi wa kuomba radhi akakuta ukurasa mrefu wenye kichwa cha manjano, uliojaa njia za mafaili, mistari ya programu na jedwali la mipangilio ya mfumo mzima.

Kila aliyewahi kutumia Django anaujua ukurasa huo. Huonekana pale `DEBUG` inapokuwa `True`, nao umekusudiwa mwandishi wa programu aliye mezani kwake, si karani wala mwanachama. Chanzo kilipatikana upesi, kwa sababu kilikuwa mstari mmoja tu karibu na mwanzo wa faili:

```python
DEBUG = socket.gethostname() != "web01"
```

Aliyeuandika mstari huo alitaka mfumo ujitambue wenyewe: ukijikuta kwenye mashine iitwayo `web01` ujue uko kazini, ukijikuta kwingine kokote ujue uko kwenye kompyuta ya mwandishi. Seva mpya ilipewa jina jingine, na mfumo ukajihesabu kuwa uko nyumbani. Kwa kuwa `ALLOWED_HOSTS`, orodha ya majina ya tovuti ambayo mfumo hukubali kuyahudumia, ilikuwa na jina la tovuti tayari, hakuna kilichokataa, hakuna kilichoonya, na wanachama walihudumiwa na mfumo uliodhani kwamba unajaribiwa.

Kwa kawaida Django huficha kwa nyota, katika ukurasa ule wa manjano, thamani za mipangilio ambayo majina yake yana vipande kama `API`, `TOKEN`, `KEY`, `SECRET`, `PASS` na `SIGNATURE`. Mfumo huu ulikuwa na mipangilio iliyoitwa `NYWILA_YA_SMS` na `SIRI_YA_MALIPO`. Majina hayo yanasomeka vizuri kwa mtu, ila hayana hata kimoja cha vipande hivyo, na thamani zake zilionyeshwa wazi, herufi kwa herufi. Nywila hizo zilibadilishwa siku hiyohiyo, na mipangilio yenyewe ikapewa majina ambayo Django inayatambua. Mstari wa `DEBUG` nao ulirekebishwa kwa dakika moja. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo kiini cha uchambuzi huu, ilikuwa kuligawa faili lile kwa namna ambayo mashine haitatakiwa tena kubahatisha iko wapi.

Amri ya `startproject`, inayoanzisha mradi mpya wa Django, humpa mwandishi faili la mipangilio lenye mistari mia moja na ushee, ambalo mtu anaweza kulisoma lote kabla chai haijapoa. Faili la chama hiki lilikuwa limekua mara kadhaa ya hapo, na pendekezo la kwanza lililotolewa lilikuwa kuligawa kwa mada: faili la kanzidata, faili la barua pepe, faili la malipo, faili la kumbukumbu za programu (logs), na kuendelea. Pendekezo hilo lina mvuto wake, kwa sababu mtu akitafuta mpangilio wa barua pepe anajua aende wapi. Hata hivyo halikugusa kabisa kilichotokea. Faili la barua pepe lingebaki na sharti lilelile la `if DEBUG`, na faili la kanzidata lingebaki na swali lilelile la mashine gani inatumia kanzidata gani. Mistari ingepungua kwa kila faili, lakini kubahatisha kungeongezeka, kwa kuwa sasa masharti yangekuwa yametawanyika mahali kumi. Kwa maoni yangu urefu wa faili ni sababu dhaifu ya kuligawa. Sababu yenye nguvu ni kwamba ndani yake mna vitu vinavyobadilika kwa sababu tofauti, na vikikaa pamoja vinalazimika kuzungukwa na masharti.

Kwa hiyo kila mpangilio uliulizwa maswali mawili: je, thamani yake hutofautiana kati ya kompyuta ya mwandishi na seva, na je, thamani hiyo ni siri? Sehemu kubwa zaidi ya faili ilijibu hapana kwa yote mawili. Orodha ya `INSTALLED_APPS`, mpangilio wa `MIDDLEWARE` (vipande ambavyo kila ombi hupitia kwa mfuatano), `TEMPLATES`, kanuni za nywila, lugha na saa ni zilezile kila mahali, na zikitofautiana basi kuna jambo la kutilia shaka. Kundi la pili lilitofautiana lakini halikuwa siri: `DEBUG`, njia ya kutuma barua pepe, vidakuzi kupita kwenye HTTPS pekee, kiwango cha kumbukumbu. Kundi la tatu lilikuwa siri: `SECRET_KEY` (ufunguo ambao Django hutilia saini), nywila ya kanzidata, funguo za huduma ya malipo na za ujumbe mfupi.

Likajitokeza na kundi la nne ambalo hakuna aliyelitarajia. Kiwango cha riba, idadi ya wadhamini wanaotakiwa kwa kila mkopo, na faini ya kuchelewesha rejesho vilikuwa vimeandikwa katika `settings.py` kama mipangilio. Vitu hivi hubadilishwa na mkutano mkuu wa wanachama, si na fundi, na kila vilipobadilika ilibidi programu iwekwe upya kwenye seva ili uamuzi wa mkutano uanze kutumika. Zaidi ya hapo, Django inaelekeza kwamba mipangilio isibadilishwe wakati programu inaendelea kukimbia, hivyo kiwango cha riba kilichowekwa humo hakiwezi kuwa na tarehe ya kuanzia wala historia. Mkopo wa mwaka jana na wa mwaka huu hukokotolewa kwa namba moja iliyopo sasa. Mambo hayo yalihamishiwa kwenye jedwali la kanzidata lenye tarehe za kuanza na kuisha. Hiyo haikuwa kazi ya kugawa faili kwa maana kali, lakini ilipunguza faili kuliko hatua nyingine yoyote.

Kabla ya kuhamisha mstari hata mmoja, ilihitajika picha ya hali ilivyo. Django ina amri inayofaa hasa kwa jambo hili:

```
python manage.py diffsettings --all > kabla.txt
```

Amri hii huandika kila mpangilio na thamani yake ya mwisho, kwa mfuatano wa alfabeti, ikiwemo ile ambayo mradi haukuigusa na ambayo imetoka kwenye thamani za msingi za Django. Ilikimbizwa kwenye seva na kwenye kompyuta ya mwandishi mmoja, na baada ya kila hatua ilikimbizwa tena, matokeo yakalinganishwa na ya mwanzo kwa `diff`, amri inayoonyesha tofauti kati ya mafaili mawili. Ifahamike kwamba amri hii haifichi chochote kwa nyota. Nywila zote humwagwa kama zilivyo, na kwa sababu hiyo mafaili hayo ya kulinganishia hayakuwekwa kwenye Git, chombo kinachotunza historia ya programu, na yalifutwa kazi ilipokwisha.

Umuhimu wa ulinganisho huu unatokana na tabia moja ya Django: mpangilio ukipotea njiani wakati wa kuhamisha, hakuna kosa linalotokea, bali thamani ya msingi huchukua nafasi yake kimyakimya. Mfano ulio wazi ni `TIME_ZONE`. Faili linaloundwa na `startproject` huandika `UTC`, na miradi ya kwetu huibadilisha iwe `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`. Lakini mstari huo ukifutika kabisa, thamani inayorudi si `UTC`, ni `America/Chicago`, urithi wa kiunzi kilichozaliwa katika ofisi za gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa hadharani mwaka 2005. Katika toleo la 4.2, `USE_TZ` nayo ikifutika hurudi kuwa `False`. Mfumo unaokokotoa riba saa sita usiku ungeanza kuihesabu siku kwa saa za Chicago, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa nane au tisa kutegemea majira, na hesabu zingeendelea kutoka bila kosa lolote kuandikwa popote.

Muundo uliochaguliwa ulikuwa mwepesi:

```
mradi/settings/
    __init__.py
    msingi.py
    nyumbani.py
    majaribio.py
    seva.py
```

Faili la `msingi.py` lilibeba yale yasiyobadilika, na kila moja la matatu yaliyofuata lilianza na `from .msingi import *` kisha likataja ya kwake. Faili la `__init__.py` liliachwa tupu kwa makusudi. Wapo wanaoweka humo `from .seva import *` ili jina la zamani, `mradi.settings`, liendelee kufanya kazi, lakini Python hulikimbiza `__init__.py` la kifurushi kila linapoletwa faili lolote lililomo ndani yake. Anayeomba `mradi.settings.nyumbani` angekuwa amekimbiza mipangilio ya seva kwanza, pamoja na madai yake yote ya siri ambazo kompyuta ya mwandishi haina. Kwa sababu hiyohiyo haikuwezekana kuweka humo kosa la kumzuia mtu anayetumia jina la zamani, kwa maana kosa hilo lingewaangukia wote.

Kosa la kwanza lililofichuliwa na ulinganisho lilikuwa la njia za mafaili. Mstari maarufu wa `BASE_DIR = Path(__file__).resolve().parent.parent` huhesabu ngazi mbili kwenda juu kutoka mahali faili lilipo. Faili liliposhuka ngazi moja na kuingia ndani ya folda ya `settings`, ngazi mbili juu hazikufika tena kwenye mzizi wa mradi. Zilikomea kwenye folda ya ndani. Kwenye kompyuta ya mwandishi aliyetumia SQLite, kanzidata ndogo inayokaa katika faili moja, dalili ilikuwa ya kuchekesha kidogo, kwa sababu SQLite isipolikuta faili la kanzidata hulitengeneza jipya lililo tupu, kisha hulalamika kwamba majedwali hayapo. Kwenye seva isingechekesha: `MEDIA_ROOT` ilitegemea `BASE_DIR`, na nakala za vitambulisho na mikataba zilizopakiwa na wanachama zingeanza kuhifadhiwa katika folda mpya ambayo haikuwemo kwenye ratiba ya kunakili akiba. Dawa ni kuongeza `.parent` moja.

Kosa la pili ndilo linalostahili kukaliwa, kwa kuwa linatokana na namna Python inavyosoma mafaili, na mtu anaweza kugawa mipangilio kwa uangalifu wote na bado akaangukia humo. Katika faili la zamani, chini kidogo ya mstari wa `DEBUG`, kulikuwa na sharti hili, ambalo lilihamishiwa `msingi.py` kama lilivyo:

```python
# msingi.py
DEBUG = True

if DEBUG:
    EMAIL_BACKEND = "django.core.mail.backends.console.EmailBackend"
```

```python
# seva.py
from .msingi import *

DEBUG = False
```

Anayesoma `seva.py` anaona `DEBUG = False` na anaridhika. Lakini Python ilipofika kwenye mstari wa kwanza wa `seva.py` ilikwenda kulisoma `msingi.py` lote, kutoka juu hadi chini, wakati `DEBUG` ikiwa bado `True`. Sharti likatimia, `EMAIL_BACKEND` ikapewa thamani ya kuandika barua kwenye skrini, na baada ya hapo ndipo `seva.py` ikabadilisha `DEBUG`. Kubadilisha huko hakurudi nyuma kulihoji sharti upya. Alama ya nyota katika `import` hunakili majina na thamani zake kama zilivyo wakati ule. Haiyafungi pamoja yawe yanafuatana. Matokeo ni seva isiyoonyesha ukurasa wa manjano, inayopita ukaguzi wa macho, lakini isiyotuma barua pepe hata moja.

Hatari yake ni kwamba hakuna kinachoshindwa. Njia ile ya barua huipokea barua, huiandika kwenye mkondo wa kawaida wa maandishi ya programu, na kuripoti kwamba imeituma. Mwanachama aliyesahau nywila huambiwa aangalie sanduku lake la barua. Kiungo chake cha kubadilisha nywila, ambacho yeyote anayekishika anaweza kuingia katika akaunti yake, kinakuwa kimelala katika kumbukumbu za `systemd`, msimamizi wa huduma kwenye seva ya Linux, kikisomwa na kila mwenye ruhusa ya kuzisoma. Ukweli ni kwamba jambo hilohilo lilikuwa limekwisha kutokea katika zile siku chache za seva mpya, kwa sababu `DEBUG` ilikuwa `True` kweli. Kugawa faili kungelirudisha kwa mlango wa nyuma, safari hii bila ukurasa wa manjano wa kumshtua yeyote. Mstari wa `EMAIL_BACKEND` katika `diff` ndio uliolikamata.

Kanuni iliyowekwa baada ya hapo ilikuwa kali: `msingi.py` hairuhusiwi kuwa na `if` yoyote, wala thamani yoyote inayotokana na mpangilio ambao mafaili mengine yanaweza kuubadilisha. `DEBUG` yenyewe iliondolewa humo kabisa, kwa kuwa thamani yake ya msingi katika Django ni `False`, na anayetaka `True` aiandike mwenyewe katika `nyumbani.py`. Vivyo hivyo njia ya kutuma barua, ambayo isipotajwa huwa ni SMTP, yaani kutuma kweli kupitia seva ya barua. Hili lilileta marudio kidogo, kwani kiwango cha kumbukumbu sasa kimeandikwa katika mafaili matatu. Mimi naona marudio ya mistari michache inayosomeka ni afadhali mara nyingi kuliko mstari mmoja wenye akili unaohitaji kufuatiliwa.

Orodha nazo zina lao. Kuandika `INSTALLED_APPS += ["debug_toolbar"]`, ili kuongeza kifurushi cha kumsaidia mwandishi kutafuta makosa, katika `nyumbani.py` hakuundi orodha mpya, bali huongeza kitu ndani ya orodha ileile iliyomo `msingi.py`. Maadamu mchakato mmoja unatumia faili moja tu la mipangilio, haidhuru; lakini `majaribio.py` lilikuwa na kipimo kilicholeta mafaili mawili kwa pamoja ili kuyalinganisha, na humo orodha zikachanganyika. Kuandika `INSTALLED_APPS = [*INSTALLED_APPS, "debug_toolbar"]` kuliumaliza mjadala. Kwa `MIDDLEWARE` kuongeza mwishoni hakutoshi kwa vyovyote, kwa sababu mfuatano wake una maana, na kipande kinachotakiwa kukaa mwanzoni kikiwekwa mwishoni hufanya kazi nusunusu.

Likaja suala la siri. Nywila na funguo zote zilikuwa ndani ya Git, na zilihamishiwa kwenye vigeu vya mazingira, yaani thamani ambazo mfumo endeshi huukabidhi mchakato pale unapoanza. Waraka ujulikanao kama Twelve-Factor App, ulioandikwa na watu wa Heroku, kampuni ya kuendeshea wengine programu zao, na kuchapishwa mwaka 2011, unakwenda mbali zaidi: unataka kila kinachotofautiana kati ya mahali na mahali kikae katika vigeu hivyo, na unayapinga makundi yenye majina kama vile nyumbani, majaribio na seva, kwa hoja kwamba makundi hayo huzaliana. Timu ilikubali nusu ya hoja hiyo. Siri na anwani za mashine zilikwenda kwenye vigeu; lakini uamuzi kama `SESSION_COOKIE_SECURE = True` ulibaki ndani ya `seva.py`, kwa sababu faili hupitiwa na jicho la pili kabla ya kuingia kwenye Git, ilhali kigeu kilichobadilishwa kwenye seva saa tano usiku hakionwi na mtu.

Namna ya kukisoma kigeu nayo ilijadiliwa. Mmoja alikuwa ameandika `DEBUG = bool(os.environ.get("DEBUG", False))`, mstari unaoonekana wa kawaida mpaka mtu akumbuke kwamba kigeu cha mazingira daima ni maandishi, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli, hata yakiwa neno `False`. Fundi angeandika `DEBUG=False` kwenye seva kwa nia njema na kuiwasha. Kwa siri, iliamuliwa zisomwe kwa mabano, `os.environ["SECRET_KEY"]`, bila thamani ya akiba, ili seva isiyopewa ufunguo ikatae kuwaka hapohapo badala ya kuwaka kwa ufunguo wa kuigiza.

`SECRET_KEY` ya zamani, kwa kuwa imebaki katika historia ya Git hata baada ya kufutwa kwenye faili, ilibadilishwa. Tangu toleo la 4.1, Django ina `SECRET_KEY_FALLBACKS`, ambapo ufunguo wa zamani huwekwa ili walioingia tayari wasitolewe nje. Chombo hicho kinafaa mtu anapobadilisha ufunguo kwa utaratibu wa kawaida. Hapa ufunguo ulikuwa umevuja, na kuuweka humo kungemaanisha kuendelea kuziamini saini zilizotengenezwa kwa ufunguo uleule ambao hauaminiki. Kwa hiyo haukuwekwa, na wanachama wote walilazimika kuingia upya.

Ilibaki kuuambia mfumo utumie faili lipi. Django husoma kigeu cha `DJANGO_SETTINGS_MODULE`, na katika mradi wa kawaida `manage.py`, `wsgi.py` na `asgi.py` kila moja lina mstari wa `setdefault` unaotaja jina la kutumia iwapo kigeu hicho hakipo. Mradi unaotumia Celery, chombo cha kuendesha kazi za nyuma ya pazia, huwa na mstari wa nne katika `celery.py`. Desturi iliyozoeleka ni kuiacha `manage.py` ielekee nyumbani, kwa sababu mwandishi ndiye anayeitumia mara nyingi, na `wsgi.py` ielekee seva. Ndivyo ilivyofanywa mwanzoni. Gunicorn, programu inayoiendesha Django kwenye seva, ilikuwa ikiwashwa na `systemd` iliyotaja kigeu waziwazi, na kila kitu kilikuwa shwari mchana kutwa.

Usiku, kazi ya kukokotoa riba haikukimbia. Kazi hiyo iliitwa na `cron`, chombo cha kuanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, kupitia `manage.py`, na `cron` hairithi vigeu vilivyoandikwa katika faili la huduma la `systemd`. Huanza na mazingira yake machache. Bila kigeu, `manage.py` ilichagua `nyumbani`, ikajaribu kuleta `debug_toolbar` ambayo haikuwa imesakinishwa kwenye seva, ikaanguka. Kuanguka huko kulikuwa bahati nzuri. Kama kifurushi hicho kingekuwepo, kazi ingeendelea kwa kanzidata ya SQLite badala ya ile ya chama, na mtu angekuta asubuhi ama kosa la majedwali kukosekana, ama, kama kulikuwa na SQLite ya zamani iliyosahauliwa kwenye folda, ripoti safi ya riba ya mikopo ya kubuni.

Uamuzi ukageuzwa: mistari yote ya `setdefault`, pamoja na ya `manage.py`, ikaelekezwa `mradi.settings.seva`. Mwandishi asiyeweka kigeu kwenye kompyuta yake hukutana na `KeyError` ya `SECRET_KEY`, hukasirika kidogo, kisha hukiweka mara moja na kusahau. Kazi ya usiku nayo iliondolewa kwenye `cron` ikawa kipima saa cha `systemd`, na huduma zote tatu, yaani Gunicorn, Celery na kazi ya usiku, zikawa zinasoma faili moja kwa `EnvironmentFile`, linalomilikiwa na `root` na kusomwa na yeye peke yake.

Baada ya haya, pendekezo la kugawa kwa mada lilirudi mezani, sasa likiwa na hoja bora zaidi, kwamba ipo maktaba ya `django-split-settings` inayowezesha kuandika `include("components/*.py")` na kuyakusanya mafaili madogo kuwa kitu kimoja. Wenye uzoefu wa Laravel, kiunzi cha lugha ya PHP, waliliunga mkono, kwa kuwa huko folda ya `config` imegawanywa kwa mada tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba katika Laravel kila faili hurudisha safu yake yenyewe, na programu husoma `config('mail.default')`, hivyo jina la faili ni sehemu ya jina la mpangilio na migongano haiwezekani. Django ina mfuko mmoja tu wa majina ya herufi kubwa. Kuyatawanya kwenye mafaili kumi hakuyatenganishi, kunayaficha tu, na vihariri vingi hushindwa kufuatilia jina lililoletwa kwa njia hiyo limetoka faili lipi. `LOGGING` peke yake ndiyo iliyotolewa `msingi.py` na kupewa faili lake, kwa kuwa ni kamusi ndefu ambayo hakuna mpangilio mwingine unaoitegemea. Mengine yaliachwa pamoja.

Kwenye hatua ya kuweka programu mpya kwenye seva iliongezwa amri hii, inayokimbizwa kwa mipangilio ya `seva`:

```
python manage.py check --deploy --fail-level WARNING
```

Sehemu ya `--fail-level` ni ya lazima, kwa sababu maonyo ya usalama, likiwemo lile la `DEBUG` kuwa `True`, ni maonyo tu kwa hesabu ya Django, na bila sehemu hiyo amri huyaandika kisha humaliza kana kwamba mambo ni sawa. Mara ya kwanza ilitoa onyo la `security.W004`, kwamba `SECURE_HSTS_SECONDS`, muda ambao vivinjari huamriwa kutumia HTTPS pekee, haijawekwa. Chama kina ukurasa mmoja wa zamani wa matangazo ambao bado unafunguka kwa HTTP kwenye jina hilohilo la tovuti, na mpaka ukurasa huo utakapohamishwa haifai kuwaamuru vivinjari viikatae HTTP. Onyo hilo liliwekwa katika `SILENCED_SYSTEM_CHECKS` ndani ya `seva.py`, na juu yake ikaandikwa sababu, jina la mwenye jukumu la kuuhamisha ukurasa huo, na mwezi ambao mstari huo unatakiwa kuondolewa.